Sakafu Bado Mbichi

Wifi yangu anashona majoho ya kwaya. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini na saba, na wengi hawamjui kwa jina lingine zaidi ya Mama Joho. Mwanakwaya mpya akisimama mlangoni kwake kwa dakika moja tu, wifi atakwambia upana wa mabega yake bila kugusa futi kamba, na atakwambia pia kama mtu huyo ataacha kwaya kabla ya mwaka kwisha.

"Huyu mwekee pindo kubwa," huninong'oneza. "Joho lake litavaliwa na mwingine."

Cherehani yake iko sebuleni, chini ya dirisha. Kushoto kwake kuna stuli, na juu ya stuli hakikosekani kitabu kilichobanwa kwa vibanio viwili vya nguo kisijifunge. Akimaliza mshono mmoja, anafungua ukurasa. Najua kila anachosoma kwa sababu mimi ndiye mtunza kabati la vitabu na filamu la kanisa letu, na daftari la waazimaji ni langu. Kitabu cha muuguzi aliyelea yatima katika nyumba isiyo na paa amekiazima mara kumi na moja. Nilipomuuliza kwa nini asinunue chake, alisema akikinunua atakosa sababu ya kuja kupiga soga kabatini.

Mume wake alikuwa kaka yangu. Alitengeneza redio na televisheni, na hata nyumbani tulimwita Fundi. Alifariki miaka mitatu iliyopita, alasiri ya siku ya kazi, moyo ulisimama akiwa kwenye kiti chake cha kibandani. Viatu vyake vya kazi, vyeusi, vya kamba, bado viko kwenye kirafu kando ya mlango. Wifi huvipiga rangi kila Jumamosi pamoja na viatu vya watoto. Hakuna anayemuuliza.

Zamani, kila Jumapili saa kumi, nyumba ile ilikuwa na filamu. Kabati letu lina filamu za imani ishirini na tisa, na karibu zote zimesemwa kwa lugha ya kigeni. Fundi lugha hiyo aliijua kidogo. Aliijulia kwenye vitabu vinavyokuja na redio, vile vya kuelekeza waya upi uunganishwe wapi. Kwa hiyo alisimama kando ya televisheni, bisibisi mfukoni mwa shati, rimoti iliyofungwa kwa mpira mkononi, akitutafsiria. Wanaume aliwapa sauti nzito. Wanawake wote aliwapa sauti moja nyembamba kama ya mluzi, hata awe bibi kizee. Mwanzoni kila mtu katika filamu alizungumza kama fundi. Mchungaji mmoja alimwambia muumini wake, "Usiguse hapo, kuna hatari," nasi tukaamini kwamba anazungumzia dhambi.

Baadaye alizoea, akawa hodari. Watu wa nyumba za jirani walikuja na viti vyao. Filamu iliyopendwa kuliko zote jalada lake lilikuwa limechanika, tukaiita ile ya Kinu. Mume anaondoka kwenda kutafuta kazi, anajiingiza katika wizi, anafungwa, na baada ya kifungo anaona haya kurudi. Miaka kumi inapita. Mke wake anakaa kando ya kinu cha maji, na kila jioni anaandaa sahani mbili, anaomba, anakula kwenye moja. Mwishoni, siku ya mvua, mume anavuka daraja la mbao na kugonga mlango. Hapo Fundi alisimamisha picha. Alikunywa maji. Alitutazama mmoja mmoja mpaka tukaanza kumzomea.

"Endelea, bwana! Mtu analowa huko nje!"

Ndipo alipobonyeza rimoti, mke akafungua mlango, akamtazama mume wake, na Fundi akasema kwa ile sauti yake nyembamba, ambayo hapo tu haikuchekesha: "Nilizijua hatua zako tangu darajani. Sikutaka kukuharakisha."

Mama Joho aliyapenda maneno hayo kuliko nguo yoyote aliyowahi kununuliwa. Aliyadarizi kwenye kitambaa cheupe cha kufunikia televisheni, kwa uzi wa zambarau uliobaki kwenye majoho. Na katika ibada ya kumkumbuka Fundi, mwaka mmoja baada ya msiba, alisimama mbele ya kanisa akasema hana maneno mengi. "Mimi naamini siku nikifika kwa Bwana, mume wangu atakuwa amezijua hatua zangu tangu darajani." Akakaa. Benchi zima la akina mama lilitafuta leso.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari lolote.

Miaka mingi kabla ya hapo, Fundi alikuja kabatini peke yake. Ndani ya kasha la ile ya Kinu kulikuwa na kijitabu chenye maneno yote ya waigizaji, kwa lugha yao. Aliniomba kamusi, akakaa nayo saa nzima, kidole kikitembea mstari hadi mstari. Alipofika pale mke anapofungua mlango, alivua miwani akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Dada, njoo uone. Miaka kumi! Mtu katoka jela, kalowa chapachapa. Unajua mke wake anamwambia nini?"

"Nini?"

"Vua viatu. Sakafu bado mbichi."

Nilicheka mimi pia, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya nyumbani kwake. Wifi hupiga deki jioni, akishamaliza kushona, ili kuondoa nyuzi na vumbi la chaki. Fundi naye alifunga kibanda saa ile ile. Tangu walipooana, salamu yake ya mlangoni ilikuwa hiyo. Kabla ya pole, kabla ya habari za kazi: vua viatu, sakafu bado mbichi.

"Hayo mimi nayasikia bure kila siku," Fundi alisema. "Jumapili nataka mengine. Huyu mama lazima aseme neno."

"Utakuwa unadanganya watu."

"Nampa muda tu afikirie vizuri. Usimwambie wifi yako."

Sikumwambia. Na mwaka huu, Umoja wa Akina Mama ukamwomba Mama Joho awaonyeshe hiyo filamu yenye maneno aliyoyasema kanisani. Diski ya zamani ilikuwa imechubuka, ikifika darajani inagoma. Nikaagiza nyingine kwenye duka la vitabu vya dini, na iliyokuja ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili.

Wifi alipokisoma kijaluba cha diski aliketi. "Ina Kiswahili? Chenyewe kabisa?"

"Ndiyo."

"Basi nitamsikia yule mama kwa sauti yake." Alikipitisha kijaluba kwenye aproni, akakifuta vumbi lisilokuwepo. "Unajua, Wifi, nimeanza kuisahau sauti ya kaka yako. Maneno ninayo, sauti inanitoroka. Nikiyasikia vizuri mara moja, labda na yake itarudi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa nimekuja na nia hiyo, hata njiani nilijipangia sentensi ya kwanza. Lakini alikuwa ameshasimama kuhesabu viti, akiuliza kama mwenyekiti anywe chai kwenye kikombe cha maua au cha kawaida. Nikahesabu viti pamoja naye.

Jumapili walikuja akina mama tisa. Mwenyekiti, mwanamke mkubwa mwenye ulimi mwepesi, alikalia kiti cha mkono kilichokuwa cha Fundi kabla hatujawahi kumzuia. Mjukuu wa wifi, msichana wa miaka sita, alikaa sakafuni karibu kabisa na televisheni. Tunamwita Kasuku, kwa sababu kila asemacho mtu kwenye filamu, yeye hukirudia.

"Mama Joho, leo hakuna kutusimamishia picha," mwenyekiti alisema. "Marehemu alitutesa. Mara moja nilienda kwangu nikakojoa, nikarudi, mtu bado yuko mlangoni."

Walicheka wote, na wifi akacheka kuliko wote. Alikuwa amevaa gauni la bluu la ibada. Alikitoa kile kitambaa chenye maneno ya uzi wa zambarau juu ya televisheni, akakikunja, akakiweka mapajani.

Filamu ilikwenda. Sauti za Kiswahili zilikuwa safi, za watu waliosoma, na kila mwanamke alikuwa na ya kwake. Wifi aliinama mbele. Mume alipokanyaga daraja, mkono wa wifi ulinishika juu ya kiwiko. Mlango ukagongwa. Hakuna aliyesimamisha chochote. Mke akafungua, akamtazama, akasema:

"Vua viatu. Sakafu bado mbichi."

"Vua viatu, sakafu bado mbichi!" Kasuku akarudia. Kisha akageuka, macho yamemtoka. "Bibi! Anasema kama wewe!"

Akina mama waliangua kicheko. Mwenyekiti alipiga paja. "Ala! Na yale ya darajani yako wapi? Mama Joho, ulitutoa machozi bure!"

"Labda yako mbele," mwingine alisema.

Hayakuwa mbele. Mbele mume alivua viatu, akaketi, mke akasukuma sahani ya pili kuelekea kwake, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Mkono juu ya kiwiko changu ulikuwa umeshaachia. Wifi alisimama akasema chai itapoa, akaenda jikoni. Walikunywa, wakamshukuru, wakaomba, wakaondoka. Mwenyekiti alinivuta pembeni akauliza kama amekosea kucheka. Nilimwambia hapana.

Nilimkuta wifi anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Nimesimama kanisani," alisema bila kugeuka, "nikasema maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema."

"Fundi aliyasema."

"Alikosea kutafsiri. Basi. Lugha ya waya." Alijaribu kutabasamu. "Na mimi nimeyawekea uzi."

Ndipo nikamwambia. Kijitabu, kamusi, saa nzima, miwani mezani. Nilimwambia yote kama yalivyokuwa, hata kwamba mimi nilijua na nikanyamaza. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo aliyajua ya kweli."

"Aliyajua."

"Akasemaje? Sema kama alivyosema."

"Alisema, hayo mimi nayasikia bure kila siku."

"Bure?"

"Bure."

Alicheka kwa pua, kicheko kifupi cha mtu aliyechokozwa na mumewe mbele za watu. "Mwanaume huyo! Kila siku nadeki, kila siku anaingia na tope, halafu anakwenda kulalamika kabatini." Kisha akakamata ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili. "Siku ile pia nilikuwa nimeshadeki, Wifi. Nilisimama na kitambaa mkononi. Ilipigwa hodi nikasema vile vile, vua viatu, sakafu bado mbichi. Kumbe ni watu wamekuja kuniambia."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka mitatu, na sikuwa nalijua.

"Ya darajani ni yake," alisema. "Hayo alitaka kuambiwa. Wala mimi sikumwambia hata mara moja, nilidhani ni ya yule mama."

Aliniomba nimwachie diski hadi wiki ijayo. Nilivaa viatu, nikatoka. Nilikuwa nimefika kona ya duka la nyama nilipokumbuka kwamba daftari la waazimaji nimeliacha juu ya televisheni. Nikarudi.

Mguu wangu wa kushoto huburuta kidogo. Fundi naye aliburuta wa kushoto, tulirithi kwa baba. Ua lao lina changarawe, na mtu hawezi kupita hapo kimya.

Mlango ulikuwa wazi. Viti vya wageni vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, miguu juu, na sakafu yote ilikuwa inang'aa maji. Wifi alikuwa ameinama kwenye pembe ya mbali, mgongo kwangu, gauni la bluu limechomekwa kiunoni. Televisheni ilikuwa imesimamishwa kwenye picha ya daraja na mvua. Nilipoweka mguu kizingitini, mkono wake wenye kitambaa ulisimama.

"Vua viatu," alisema. "Sakafu bado mbichi."

Aliyasema polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepokea mgeni aliyetoka mbali.

Nilisubiri. "Ni mimi, Wifi."

Hakugeuka. "Najua," alisema. "Vua tu."

Nikavua, nikaviweka kwenye kirafu, kando ya vile vyeusi.