Sizimi Mashine ya Watu Wawili kwa Ndiyo Moja

Saa tatu asubuhi, chumba cha seva cha maabara ya vipimo kina baridi kama jokofu. Bi Subira ameketi juu ya boksi la karatasi za printa, sweta ameifunga mpaka shingoni, mikono ameificha kwapani. Mbele yake seva inanguruma. Hajaigusa. Tangu afike, kazi yake imekuwa kunywa chai na kuuliza maswali.

"Fundi, tuanze basi," anasema meneja wa maabara, mwanamume wa makamo mwenye simu mbili mkononi. "Watu wanasubiri huko nje."

"Wa pili yuko wapi?"

"Wa pili nani?"

"Mwenye nusu nyingine."

Meneja anaguna. Mwenye nusu nyingine ni mdogo wake wa kike, mtaalamu wa vipimo katika maabara hiyo hiyo. Ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, marehemu baba yao kawaachia maabara wote wawili, na kwa sasa hawasemezani.

Bi Subira si jina alilopewa na wazazi. Wateja ndio waliombandika, maana kila akiitwa huwaweka kwanza kitako ndipo afungue mkoba. Ujuzi wake ni kuwarudishia watu mamlaka waliyoyapoteza katika seva zao wenyewe. Mhasibu kafariki na neno la siri kichwani. Kijana wa kompyuta kafukuzwa kazi, kaondoka nalo. Mkurugenzi kajifungia nje kwa mkono wake.

"Huyo aliyejifungia nje mwenyewe ndiye huwa mkali kuliko wote," anasema, akicheka. "Atakufokea kama vile wewe ndiye uliyemfungia."

Mwezi mzuri hupata kazi tano. Mwezi mbaya, moja, na hata hiyo moja huweza kuikataa akiona anayemwita hana haki na mashine. Aliacha kazi ya benki zamani, akalea watoto wawili kwa mkoba huu huu. "Kuna miezi tulifunga mikanda mpaka matundu yakaisha," anasema. "Lakini kufungua seva si kazi, mwanangu. Aliyesoma kidogo atafungua. Kazi ni kujua nyumba ni ya nani."

Kazi ya hapa ilianza kwa ugomvi wa vyumba. Kaka alitaka kupangisha nusu ya jengo, dada akakataa katakata. Kaka akaifunga akaunti ya dada kwenye seva bila kumwambia. Dada alipogundua, akaikuta kompyuta ya kaka iko wazi mezani, naye kaenda kula. Akabadilisha neno la siri la msimamizi mkuu, akafunga akaunti za watu wote, akaondoka zake akilia. Asubuhi yake alikuwa hakumbuki ameandika nini.

Tangu siku hiyo vipimo vinafanyika, majibu yanaingia kwenye seva, na hakuna anayeweza kuyasoma.

Kwenye korido yupo dereva wa lori ambaye amekataa kukaa. Binti yake amelazwa, homa haishuki, na madaktari wamemwambia hawawezi kuchagua dawa kabla ya kujua ni kijidudu gani. Jibu limo ndani ya mashine. Karani wa mapokezi ameshamaliza maneno ya kumpoza. Akiulizwa yeye yuko upande gani, anajibu bila kuinua kichwa, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nalima."

Dada anafika akiwa na koti jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Anakaa, akiutazama ukuta.

"Mama, mwambie ataje paswedi aliyoweka, yaishe," anasema kaka.

"Mama, mwambie sikumbuki."

"Anakumbuka sana huyo. Ananikomoa tu."

"Mwambie niliandika huku nalia. Hata vidole sikuviona."

Bi Subira anawaacha wamalize. Kisha anawaeleza, polepole, kama anayesoma maelezo ya dawa. Ili aingie bila neno la siri lazima azime mashine, aiwashe kwa flashi yake, aifungue diski kwa ndani na kuweka neno jipya. Hilo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba seva hii haijazimwa tangu baba yao aiwashe, nakala hakuna, na diski imezeeka.

"Nikiizima, inaweza kuamka, inaweza isiamke. Isipoamka, majibu ya watu yamekwenda nayo, na la mtoto wa yule baba limo humo. Sizimi mashine ya watu wawili kwa ndiyo moja. Nataka kila mtu aseme kwa mdomo wake."

"Hakuna njia nyingine?" anauliza dada.

"Ipo. Ukumbuke."

Dada anavuta kibodi. Anaandika, mashine inakataa. Anaandika tena, inakataa. Anaendelea hivyo mpaka machozi yanamtoka, na kaka yake anamtazama akiwa amekunja mikono, uso wa mtu anayeangalia maigizo.

"Ndiyo," anasema dada mwishowe. "Izime."

Kaka anachelewa kidogo. "Ndiyo. Na iwe itakavyokuwa."

Bi Subira anaizima. Mngurumo waliouzoea unakatika, na chumba kinakuwa kimya hata karani anachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Bi Subira anachomeka flashi na kubonyeza kitufe. Feni zinaanza, diski inagota. Inanyamaza. Inagota tena, inanyamaza muda mrefu zaidi.

"Mungu wangu," anasema dada.

Bi Subira anaizima, anasubiri, anawasha upya. Diski inagota mara moja, inakohoa, kisha inaanza kuzunguka na sauti yake inapanda mpaka inatulia. Kaka anajifuta jasho, na baridi yote ile.

Kabla ya lolote Bi Subira anahamishia majibu ya wagonjwa kwenye diski yake ya pembeni. Hayo yakishakuwa salama, ndipo anapogeuza kibodi. "Sasa neno jipya. Nani anaweka?"

"Mimi mkubwa," anasema kaka.

Anaandika. Kwenye skrini hakutokei kitu, hata nukta, ndivyo zilivyo mashine hizi. Inamtaka arudie. Anarudia. Hayalingani. Anakohoa, anaanza upya, anarudia. Hayalingani.

"Kibodi hii ina matatizo," anasema.

"Kibodi nzima hiyo," anasema Bi Subira.

Mara ya tatu, hayalingani. Dada ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika. Kicheko kinamponyoka.

"Kaka, kwani umeandika nini?"

"Nimeandika..." Anatazama vidole vyake. "Hebu ngoja. Nimeandika nini?"

Wanacheka wote wawili, kaka wa mwisho, na kwa aibu. Kisha anaacha kucheka. "Kumbe inatokea," anasema.

"Inatokea," anajibu dada.

Neno jipya linawekwa. Akaunti zinafunguliwa, kila mmoja wao na yake, zote mbili za msimamizi mkuu. Bi Subira anawaambia wazi kwamba kila mmoja sasa ana uwezo wa kumfuta mwenzake, na hakuna ufundi wa kuwazuia.

Printa inatoa karatasi. Dada anaisoma, anaitia saini, anakwenda nayo koridoni mwenyewe. "Dawa yake ipo," anamwambia dereva. "Wape hii, waanze leo." Dereva anaipokea kwa mikono miwili, hasemi asante, anatoka mbio. Hakuna anayemlaumu.

Bi Subira ana mpango na nyumba hii. Mwezi ujao wanunue diski mpya, naye arudi kuizima seva kwa makusudi, mchana kweupe, nakala ikiwepo. Ana pia tamaa yake ya siku nyingi: kabla hajastaafu, apate walau kazi moja ambayo watu wamemwita kabla hawajagombana.

Kaka alipendekeza Jumamosi. Dada akasema Jumamosi yuko zamu. Wakaachia hapo, kila mmoja akitazama simu yake.

"Mashine sina wasiwasi nayo tena, nimeisikia ilivyoamka," anasema Bi Subira, akivaa viatu vyake. "Siku hawajapanga. Nimewapa namba yangu wote wawili, nangoja nione nani atapiga. Wakipiga kila mtu kivyake, nitajua bado. Akinipigia mmoja akaniambia 'tumekubaliana', hata kama ni usiku wa manane, nakuja."