Pointi ya Tano

Mama alinituma River Road nikachapishe karatasi za mazishi ya kaka yangu. Maisha yake Mama mwenyewe alikuwa ameyaandika kwa mkono, kurasa mbili. Dada wa pale dukani alichapa huku akisoma kwa sauti ili nimkosoe.

“‘Alipenda mchezo wa vitara. Mdogo wake alipomshinda akapata nafasi ya kwenda Kampala, yeye ndiye alimnunulia viatu.’ Vitara ni nini?”

“Panga nyembamba za mchezo. Hazikati.”

“Wacha. Na huku kwetu zinachezwa?”

“Zinachezwa.”

“Kwa hivyo ni wewe ulimshinda marehemu.”

Nikamwambia aendelee kuchapa. Akachukulia kwamba ndiyo, kama walivyofanya watu wote miaka hiyo yote.

Mimi hufagia ngazi za maghorofa Kileleshwa. Karibu na hapo kuna ukumbi ambapo mwalimu wetu, karani mstaafu kutoka Mombasa, alifundisha vitara jioni za Jumamosi. Nilianza kwa kuchungulia dirishani. Baadaye nikamleta kaka, ambaye aliuza misumari na rangi mjini. Wote wawili tuliachia shule darasa la nane, na mambo mengi ya ulimwengu tuliyasikia kwa mwalimu huyo.

Alituambia kwamba zamani, huko Ulaya, watu walipigana hivyo kweli, hadi damu. Ukawa mchezo pale ncha ya upanga ilipofungwa kifundo na uso ukafunikwa kwa wavu wa waya. Siku hizi mchezaji hufungwa nyaya, na taa huwaka akiguswa. Lakini kabla ya umeme, watu wanne walisimama pembeni kuangalia, na aliyeguswa alitarajiwa kusema mwenyewe.

Mashine yetu ya taa ilikuwa imeharibika, kwa hivyo tulicheza kizamani.

“Hao wanne wana macho manane tu, wanangu,” mwalimu alisema. “Ngozi ni yako. Ukiguswa, sema.”

Nafasi ya kwenda mashindano ya Kampala ilikuwa moja, na ikatubakia sisi wawili. Wa kwanza kufikisha pointi tano angeenda. Tulifika nne kwa nne. Kaka akaingia chini ya mkono wangu wa kulia, na ncha ikanichoma ubavuni. Niliisikia wazi. Mkono wangu uliwaziba waangalizi, wakasema hawakuona kitu. Mwalimu akaniangalia, akangoja. Nikanyamaza.

Tukaanza tena. Nikamgusa begani, kidogo sana, na kabla waangalizi hawajafungua mdomo, yeye akasema, “Nimeguswa.”

Jumatatu yake alikuja na viatu. “Usituaibishe huko,” akasema, akacheka. Kampala nilitolewa siku ya kwanza. Niliporudi nikamwambia viatu vilikuwa vizuri. Hilo ndilo nililomwambia, na mwaka huu ugonjwa ukamchukua kabla sijamwambia lingine.

Nilimwomba dada aache kuchapa kwanza. Nikatoka nje nikampigia Mama, ambaye alikuwa nyumbani Mutuini akipokea wageni.

“Mama, hapo pa vitara. Sikumshinda. Alinigusa kwanza, nikanyamaza.”

Nilisikia wanawake wakiongea nyuma yake, kisha mlango ukafungwa.

“Yeye alijua?”

“Alijua. Upanga ukigusa mtu unapinda, na mwenye kuushika anasikia.”

“Na viatu akakununulia.”

“Akaninunulia.”

“Hukuwahi kumwambia?”

“Sikumwambia.”

“Sasa unaniletea mimi, nikiwa na watu sebuleni.” Nikamsikia akivuta kiti. “Andika vile ilikuwa. Lakini siku ya mazishi utasoma wewe. Hiyo mimi sitasoma.”

Nilirudi ndani nikamwambia dada afute mstari ule. Nikamtajia mwingine polepole: kwamba kaka alishinda, na mdogo wake aliyeguswa akanyamaza, akaenda Kampala kwa nafasi isiyokuwa yake. Alichapa bila kuniangalia. Alipomaliza akauliza kama anitaje kwa jina ama aache tu “mdogo wake”.

Wadogo wake tuko watatu. Nikamwambia aandike jina langu.