Minazi Iliyong'olewa Pwani ya Kilindoni

Ipo siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu Haji, na leo nakusimulia kwa sababu ya lile uliloniomba. Umetaka nifuatane nawe ofisini nikashuhudie kwamba mivinje ya pwani, pale halmashauri inapotaka kutengeneza bustani ya kupumzikia, ilipandwa na babu yako, ili tukatiwe kipande chetu uweke banda la soda. Sijakataa kwenda. Ila kunywa chai yako kwanza unisikilize.

Zamani pale hapakuwa na mti hata mmoja. Ilikuwa pwani tupu yenye jua kali, na kila kazi ilikuwa na mahali pake. Juu kwenye mchanga mkavu mafundi walitengeneza mashua. Chini kidogo, maji yanapofika yakijaa, wanawake tulikuwa na mashimo yetu ya makumbi. Nyinyi mnanunua kamba ya plastiki dukani, kwa hiyo wacha nieleze. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani, hukandamizwa kwa mawe, huachwa miezi mpaka yalainike, kisha hufukuliwa yakapondwa kwa gongo mpaka upatikane usumba wa kusokotea kamba. Yananuka, sikufichi. Kila mmoja alilijua shimo lake kwa mawe yake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Mimi nilikuwa msichana, posa yangu imeshazungumzwa, na ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa shimo langu.

Babu yako, yaani baba yangu mimi, alituonea huruma kuponda juani. Asubuhi moja akaja na miche ya minazi, akaipanda mstari mzima upande wa juu wa mashimo yetu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilishajiona mtoto wa mwenye minazi ya pwani.

Bi Hadia, shangazi yake babu yako, alikuwa pale anaponda makumbi. Akamwacha apande mpaka mche wa mwisho. Mama yule alikuwa mkali, lakini hakuwa na haraka.

"Shikamoo, shangazi," baba akasema, jasho linamtoka.

"Marahaba. Umetupandia kivuli?"

"Ndiyo, shangazi. Cha watu wote."

"Na nazi zake?"

"Atakayepita aokote."

"Wewe utasema hivyo. Ukishafukiwa, wanao watasema huu mnazi wa baba. Wakishagawana minazi, watagawana na chini yake. Siku hiyo sisi makumbi tutafukia wapi, jikoni?"

Wanawake wakacheka. Baba hakucheka.

Unajua mwenyewe hapa Mafia mnazi ni kitu gani. Ardhi yaweza kuwa ya mtu mwingine, lakini aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, na akifa unarithiwa. Ndugu wa tumbo moja wananuniana kwa mti mmoja wa babu yao, uliozeeka hata hauzai tena. Baba aliyajua yote haya, maana alikuwa na ugomvi wa namna hiyo na nduguze kule Miburani. Alichosahau ni kwamba miti yake ingerithiwa, nia yake isingerithiwa.

Alinuna siku kadhaa. Nami nilimchukia Bi Hadia, nikawa naponda makumbi nimempa mgongo. Kisha baba akarudi pwani na jembe, akang'oa mche mmoja mmoja, akaihamishia shambani. Nililia, na yeye aliniona nalia akaendelea kung'oa.

Baadaye akaagiza miche ya mivinje kwa mabaharia. Mvinje hauna cha kuangua, hakuna anayeuhesabu kwenye urithi. Bi Hadia akapanga zamu za kumwagilia, na kiangazi chote wanawake wa mashimo tulibeba maji ya kisima kichwani mpaka pwani. Mbuzi wakila mche, fundi wa mashua anapanda mwingine. Mti upi ulipandwa na nani, hata sisi tulipoteza hesabu.

Basi ikakua. Mafundi wakahamia kivulini, wavuvi wa madago, wale wanaopiga kambi wakifuata samaki, wakapata pa kushonea nyavu, na sikukuu ya Idi watoto wakafunga pembea. Makumbi yaliachwa kidogokidogo, na mashimo yamejifukia yenyewe. Langu nadhani liko karibu na pale vijana wa bodaboda wanapoegesha.

Alipozeeka, babu yako alipenda nimpeleke pale alasiri. Siku moja mvuvi mgeni, mtu wa Kilwa, akamuuliza, "Mzee, mivinje hii alipanda nani?" Baba akaitazama juu, kama anaiona mara ya kwanza. Nikafungua kinywa nijibu, akanigusa mguu kwa fimbo.

"Nimeikuta," akamwambia. "Kaa upumzike."

Yule akakaa. Baba alifurahi jioni ile nzima, na mimi sikuelewa anafurahia nini. Nimeelewa juzi, ulipoleta maneno yako ya kipande chetu. Yaliniumiza, mwanangu, kwa sababu ni maneno yaleyale ya Bi Hadia, na umeyasema wewe, mwanangu wa kumzaa.

Kwa hiyo ofisini nitakwenda. Wakiniuliza, nitasema mivinje ile ilipandwa na watu wa Kilindoni, na hilo ni kweli, kwa kuwa maji nilibeba mimi na wenzangu. Wewe omba nafasi ya banda kama wanavyoomba vijana wengine, kwa jina lako, bila kumtoa babu yako kaburini aje akushikie foleni. Ukija kuwafanyia watu jambo jema, lifanye ukijua wanao watakuja baada yako, na usiwaachie pa kulishika wakasema ni lao.

Mungu akupe riziki isiyomnyima mtu pa kukaa. Akuzeeshe salama, na siku moja mgeni akuulize habari za kivuli ulichokiacha, nawe uwe na moyo wa kumwambia umekikuta.