Shika Upande Huu

Juzi simu zetu zililia kwa pamoja pale dukani Batha, onyo la mvua kubwa. Mwenzangu wa kaunta akasema, "Mafi mvua, hakuna kitu," akaendelea kukunja mashuka. Nami nilicheka, kisha nikamkumbuka jirani yetu wa utotoni, Jeddah.

Tulikaa Al-Mahjar, miaka ile watu wa kwetu Kenya walipokuwa wakija kwa wingi kutafuta kazi. Baba alikuwa dereva. Sisi tulikuwa ghorofani, jirani yule, mama wa Mombasa, alikuwa chini kabisa. Alishonea mkekani, kwa cherehani ya mkono, ya chuma, nzito ajabu. Alishona abaya na sare za shule, na nia yake ilikuwa moja: arudi nayo Mombasa, afungue duka, asimwite tena mtu madam. Ukipita mlangoni kwake unasikia gurudumu likilia, na mahamri yananukia iliki hadi ngazini.

Ila mvua aliiogopa. Likitanda wingu tu, ananiita, "Mwanangu, njoo shika upande huu." Tunaipandisha cherehani juu ya meza, ananipa mahamri mawili. Mvua hainyeshi. Kesho yake tunaishusha. Basi nikambandika jina, Mama Nuhu, na jengo zima likalishika, hata watu wazima. Na usidhani hatukujua kwamba maji hufika pale. Alama ya mafuriko ya zamani ilikuwa ukutani, na sisi watoto tuliitumia kupimana urefu.

Asubuhi moja aliniita nikiwa na wenzangu, tunakwenda shule. "Mama Nuhu, mvua mafi," nikamjibu, wenzangu wakaangua kicheko. Akayatazama mawingu, akatutazama sisi. "Haya, halas, basi," akasema, akarudi ndani.

Mchana baba alinibeba mabegani kunirudisha nyumbani, maji yakimfika kiunoni. Maji yalipopungua nilishuka kwa jirani. Sare zilikuwa zimelowa tope, cherehani haionekani kwa tope. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliniambia yale yale, "Mwanangu, njoo shika upande huu." Tukaiinua, maji machafu yakamwagika miguuni mwetu.

Alitia mafuta, akaita fundi, wapi. Kutu ilishaingia. Mwishowe alikwenda kufanya kazi za ndani kwa watu Al-Safa, akilala huko huko, na cherehani akaiacha chini ya ngazi. Sikumwomba radhi. Niliona haya, nikajiambia nitamwomba siku nyingine, na siku hiyo sikuipata. Najuta mpaka leo. Jengo lenyewe limeshavunjwa, pamoja na ule ukuta wenye alama. Sijui kama aliwahi kufika Mombasa.

Hiyo juzi niliinama nikaanza kuvuta maboksi yaliyokuwa sakafuni. Mwenzangu akaniuliza nina wazimu gani, mbingu yote ile haina hata tone.

"Njoo shika upande huu," nikamwambia.

Alishika, huku akinicheka. Mvua haikunyesha. Jana tukayashusha.