Tarishi na Viwanja Hamsini na Vinne

Tarishi wa kijiji chetu cha ujamaa, nje kidogo ya Milanzi, hakuweza kukumbuka kitu akiwa amekaa. Majina aliyafunga matatu matatu kama matita ya kuni, akayanong'ona njia nzima, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja. Wataalamu wa saikolojia wana maneno marefu kwa kazi hiyo. Yeye aliiita kutembea. Mvua ilipoilowesha orodha ya viwanja tulivyogawana kwa kura, ambayo tarishi alikuwa ameitangaza nyumba kwa nyumba, ikawa uji, Katibu Andwele alitaka mkutanoni kura ipigwe upya, na Bertilla, mjane aliyekuwa amepata kiwanja cha kisimani, akaanza kulia. Tarishi akainuka, akauzunguka mkutano akitaja kila jina na kiwanja chake, na kila aliyetajwa akaitika, "Ndicho!"

"Ruka basi, tufike kwa Bertilla," Katibu akamkatiza.

"Nikiruka naanguka, ndugu." Akaanza tena jina la kwanza. La hamsini na nne likawa Bertilla, kisimani. Vigelegele vikapanda hadi ng'ombe wakageuka.

"Umewezaje?" Katibu akauliza.

"Iliyolowa ni karatasi, ndugu Katibu. Mimi nilikuwa na mwavuli."