Molekuli Iliyojikunja

Osoro alikuwa fundi wa maabara shuleni kwetu Kiptere kwa miaka ishirini na sita, na mimi niliyefundisha kemia pale nakwambia sijaona mtu mkaidi kama yeye. Tangu amzike mkewe Sellah hakumtembelea mtu. Kila Jumamosi jirani yake, mama mjane aitwaye Chepkurui, alimtundikia kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, kwenye nguzo ya ua. Osoro alikunywa, akakiosha kibuyu, akakirudisha nguzoni na kujifungia ndani. Mwaka mzima hivyo, hata salamu hakuna. Mzee mzima anajificha kama kuku anayeatamia!

Agosti binti yake Nyambeki, anayesomea kemia chuo kikuu, alikuja na chupa mbili za fuwele za chumvi. Alizitengeneza kwa asidi mbili zenye atomi zile zile, idadi ile ile; tofauti ni umbo tu. Moja imenyooka, nyingine imepinda. Nilikuwepo alipomchorea babake mezani. Iliyonyooka, ikishakuwa chumvi, humshika jirani wa mbele na wa nyuma kwa hidrojeni, zikaungana mstari mrefu. Iliyopinda, ncha zake mbili zimekaribiana mno, basi hidrojeni hunaswa hapo katikati.

"Inajishika yenyewe, Baba," alisema. "Mkono wa kupatia jirani haubaki."

Nilitaka kumtania Osoro, nikaona macho yake yamekwama kwenye ile iliyopinda.

Wiki ile hakukirudisha kibuyu nguzoni. Kidole kimoja hakivunji chawa, nikamwambia, nenda. Akakawia siku nne akitafuta maneno ya kusema. Ijumaa alivaa koti la kanisani, akakibeba kibuyu mpaka mlangoni kwa Chepkurui, mara ya kwanza tangu mazishi.

Alimkuta mkaza mwana wa mama huyo akianika mahindi. Mama alikuwa amehamia kwa bintiye huko Sigor, aliambiwa. Magoti yalikuwa yamekataa baridi ya huku, na gari lilimchukua jana yake.

"Alisema siku utakuja mwenyewe tukupatie kiti," yule mwanamke alimwambia. "Alikungoja sana, mzee."

Wakamtolea kiti. Osoro alikikalia, kibuyu mapajani, mpaka chai aliyopewa ikapoa. Aliponisimulia nilimwonea huruma. Kibuyu hakukiacha kule. Bado kiko kwake, kimeoshwa, na kila Jumamosi anakiosha tena.