Moshi Uonekane Asubuhi

Lori la mafuta likifika kituoni kwangu Omurushaka na vijana wakafungua kifuniko cha tangi la ardhini, harufu hupanda hadi barabarani na wateja huziba pua. Mimi huivuta. Wafanyakazi wangu huniona mama wa ajabu, nami siwalaumu. Hawajui kwamba kila harufu ile inapopanda, mimi huwa niko Chonyonyo, kwenye chumba nilicholala utotoni na mama yangu, katikati ya madumu ya mafuta ya taa.

Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kibanja. Kwa wasiotoka kwetu, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba: ndizi juu, kahawa chini yake, maharage kwenye nafasi iliyobaki, na marehemu wa ukoo wamelazwa humo humo. Baba alizikwa humo nikiwa sijaanza hata shule. Aliniacha mimi peke yangu, mtoto wa kike, na kwa desturi ya ukoo wetu wakati ule mtoto wa kike hakurithi kibanja. Mjane naye aliachiwa akae tu. Na kukaa maana yake ilikuwa kukaa kweli: alale pale, aamke pale, awashe moto pale. Siku akihama, kibanja kinarudi kwa ndugu wa mume.

Ndugu mwenyewe alikuwa mmoja, baba mdogo, jirani yetu wa upande wa juu. Hakuwa mtu wa kutisha watoto. Alinipa miwa, na alinitania kwamba nina miguu ya korongo. Lakini kila asubuhi alitoka nje na mswaki mdomoni, akasimama kulitazama paa letu mpaka aone moshi. Akishauona, anarudi ndani kuendelea na mambo yake. Mama aliijua tabia hiyo. Hata siku ambazo hatukuwa na cha kupika aliwasha moto, akatupia majani mabichi ili moshi uwe mwingi, tukakaa jikoni tukikohoa sote wawili kwa ajili ya shemeji yake.

Hela ya chumvi na ya madaftari ilitoka kwenye mafuta ya taa. Mama aliyauza kwa kikopo pale chumbani, na kwa kuwa yeye hakuthubutu kwenda mbali, miguu ya biashara ilikuwa hii yangu ya korongo. Kila Jumamosi nilidandia gari la kubebea ndizi hadi Omurushaka nikiwa na dumu tupu, na jioni nikarudi nalo limejaa. Blanketi letu lilinuka mafuta, maharage yetu yalinuka mafuta. Darasani waliniita Kibatari. Mwalimu alinihamishia dirishani, akasema ni kwa ajili ya afya yangu, na darasa zima likashusha pumzi. Kanisani benchi letu halikuwahi kujaa.

Nilikichukia kibanja kile. Migomba ilikuja mpaka mlangoni, na mchana kweupe ndani ya nyumba kulikuwa na giza la kijani. Huoni barabara, huoni kilima cha pili, unasikia tu majani yakisuguana juu ya kichwa chako siku nzima. Nilijiona nimefungiwa, tena na mama yangu mwenyewe, maana mlango ulikuwa wazi na yeye hatoki. Nikimwuliza kwa nini tusihamie kwenye maduka, alinituma kuteka maji.

Omurushaka palikuwa na Bi Zuhura. Wazee wake walitoka Pangani na biashara ya nguo, wakanogewa na baridi ya huku, wakabaki. Alikuwa mjane kama mama, mnene, mwenye maneno mengi, na mapipa yake ya mafuta yalipangwa nyuma ya duka kama wazee kwenye baraza. Aliniachia nizungushe mkono wa pampu. Alinionyesha namna ya kujua kwa kidole kama mafuta yametiwa maji, na namna ya kumwambia mtu mzima kwamba mafuta yake yametiwa maji bila kumvunjia heshima. Pale dukani nilisahau kwamba nanuka, kwa sababu sote tulinuka.

Jumamosi moja ya masika lori la mbao liliteleza, likalala katikati ya barabara, na magari yakakwama pande zote. Nilitaka kutembea. Bi Zuhura akanizuia, akaniambia hawezi kumwachia mtoto wa mwenzake aingie kwenye mvua ile na dumu kichwani, akanitandikia mkeka pamoja na wajukuu zake. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Mama aliningoja jioni ile mpaka akashindwa. Ndipo akatoka.

Alitokea mlangoni kwa Bi Zuhura amelowa chapachapa, kandambili mguu mmoja, nami nimekaa nakula wali. Hakunigombeza. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akageuka kutaka turudi saa ile ile. Bi Zuhura akamwambia mto umejaa, na akikaidi atamzika mtoto. Mama akakaa mkekani, akaanza kulia, na mimi nikadhani analia kwa furaha ya kuniona.

Kesho yake tulifika nyumbani jua limeshapanda. Kwetu mpaka hauwekewi ukuta. Hupandwa miramura, mimea mirefu ya majani membamba, na ikishapandwa hakuna wa kuing'oa bila kuitwa mbele ya wazee. Mstari mzima wa miramura mibichi ulikuwa umesimama ndani ya kibanja chetu, kutoka njiani hadi ukuta wa jiko. Kahawa yote ilikuwa imebaki upande wa pili. Baba mdogo alikuwa bado ana udongo mikononi. Alituamkia vizuri, akauliza kama tumelala salama.

"Sikuona moshi, shemeji," alisema. "Nikajua mmeshahama."

"Nilimfuata mtoto," mama akajibu.

"Na mtoto amepatikana. Tumshukuru Mungu."

Wazee wa ukoo waliketi, wakanywa pombe ya ndizi, wakamhurumia mama kwa maneno mazuri sana. Uamuzi ukawa kwamba mstari ubaki ulipo, na sehemu iliyosalia mama akae nayo, ila asilale nje tena. Mama aliwashukuru kwa kupiga magoti. Nilimwonea haya, nikatamani angalau arushe jiwe.

Haikupita hata miezi miwili Bi Zuhura akaja mwenyewe Chonyonyo. Alipanda kilima chetu akihema na kulalamika, akiwauliza watoto aliokutana nao kama huku watu huishi juu hivi kwa adhabu. Mama alimpikia ndizi na maharage. Alikula kwa adabu, akitafuna polepole kama mtu anayetafuta kitu, na mimi nilijua ni ile ladha ya mafuta. Kisha akasema kilichomleta. Magoti yake yamechoka na wanawe hawapendi duka. Nyuma ya duka kuna chumba. Mama aje wauze pamoja, na hii migomba aachiwe huyo anayeipenda.

Sitasahau furaha iliyonishika. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafunga mizigo, nimeshaliaga giza la kijani. Mama aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na gauni langu la shule na nguo zangu nyingine ndani ya mfuko.

"Mchukue Koku," alimwambia Bi Zuhura. "Mimi nitabaki."

Nikasema siendi bila yeye. Akanivuta karibu, na hili alilisema polepole, kwa Kiswahili, ili na mgeni wetu asikie.

"Nenda. Wakikuuliza kwenu ni wapi, uwe na pa kuonyesha."

Nilishuka kile kilima nikiwa na hasira. Nilijua nimetupwa, na kwamba baina yangu na migomba, mama amechagua migomba.

Mengine yalikwenda kama biashara zinavyokwenda. Nilisoma nikiuza. Taa za sola zilipoingia vijijini mafuta ya taa yakafa, lakini bodaboda zilikuwa zimeshafika, nikauza petroli kwenye chupa za soda, baadaye kwenye pipa, baadaye pampu moja kwenye njia ya kwenda Kyerwa, na sasa kituo hiki. Nilijenga nyumba yenye chumba cha mama. Alikuja, akakisifia, akajaribu kitanda kwa kukikalia, na saa tisa alasiri akaomba aitiwe boda. Hakukilalia hata usiku mmoja. Niligombana naye kwa miaka. Nilimwambia kilichobaki cha kibanja hakijai hata sahani.

Niliyaelewa haya nikiwa mtu mzima kabisa, siku nilipoajiri binti asiye na wazazi. Niliwaona vijana wa kituoni wakimtuma maji, wakimfulisha nguo zao, wakimwita wakati wowote, naye anakwenda, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Nikakumbuka kwamba Bi Zuhura alipofariki, wanawe walitaka kunigeuza mtumishi wa ndani. Nilivua aproni, nikawaambia nina kwetu na naondoka leo. Wakaniomba nikae, na duka likabaki mikononi mwangu. Baadaye nilikaa mbele ya wanaume wenye malori, wenye viwanja, wenye maneno matamu na mikono ya kupapasa chini ya meza, nikaweza kuinuka na kuondoka kila mara. Nilidhani huo ulikuwa ujasiri wangu. Kumbe kuna mwanamke alikuwa jikoni Chonyonyo, anakohoa.

Alijua kibanja hakitakuwa changu. Alikuwa anakishikilia mpaka nikue.

Alikufa pale pale, akazikwa kando ya baba. Matanga hayajaisha, wana wa baba mdogo wakasogeza miramura. Nilitaka kununua, kwa bei yoyote waliyotaka. Walinijibu kwa upole kwamba ardhi ya ukoo haiuzwi, dada.

Kwa hiyo nikienda kwa mama napiga hodi. Mke wa binamu yangu hunikaribisha vizuri, huniletea kiti, hukiweka kati ya makaburi mawili. Nakaa kwa muda ambao mgeni hukaa, kisha naaga.